Kuzalisha chotara wa maharage kwa mkono: mwongozo kamili kwa mwenye bustani Arusha au Moshi

Maharage ni mmea mzuri sana kwa mtu anayetaka kuona jeni zikifanya kazi bila kumiliki maabara. Yanakua upesi, yanakaa kwenye ndoo, maua yake ni makubwa kiasi cha kushikika, na mbegu zake kila mtu anazijua. Mwalimu wa sekondari, mwanafunzi wa chuo, mkulima mdadisi, wote wanaweza kufanya kazi hii barazani. Inahitaji mikono iliyotulia na daftari linaloandikwa kila siku. Kati ya hivyo viwili, daftari ndilo linalowashinda wengi, na bila daftari unabaki na mbegu zisizo na historia.

Tutachukua mmea mfupi na mmea unaotambaa, tuchavushe ua la mmoja kwa chavua ya mwingine, tupate kizazi cha kwanza, tukiache kijichavushe chenyewe, kisha tuhesabu watoto wa kizazi cha pili. Mwishoni nitaeleza jinsi ya kutambua mimea iliyobeba jeni iliyojificha, kwa njia ya shambani na kwa kipimo cha vinasaba. Kutoka kupanda wazazi hadi hesabu ya kizazi cha pili, tenga karibu mwaka mmoja.

Watu huuliza kama kufanya hivi ni kutengeneza GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni maabarani. Hapana. Hakuna jeni inayoingizwa kwa mashine. Chavua inahamishwa kutoka ua hadi ua ndani ya aina ileile ya mmea, kazi ambayo nyuki naye huifanya mara mojamoja.

Jeni tutakayoifuata

Kwenye ncha ya kila shina kuna seli zinazogawanyika bila kukoma. Zinatoa jani, pingili, jani, pingili. Ipo jeni ambayo kazi yake ni kuizuia ncha hiyo isigeuke kuwa ua. Wana jenetiki wa maharage waliipa alama ya *fin* zamani, kabla hawajajua imeundwaje. Leo inajulikana kwa jina la PvTFL1y, na iko kwenye kromosomu ya 1, kati ya jozi 11 alizonazo haragwe.

Jeni hii ikiwa nzima, ncha inaendelea kurefuka na maua yanatokea kwenye makwapa ya majani tu. Huo ndio mmea unaotambaa. Jeni ikiharibika, baada ya pingili chache ncha yenyewe inazaa ua, na shina linakomea hapo. Huo ni mmea mfupi, ule ambao mkulima wa Arusha anaupenda kwa sababu unaiva kwa pamoja na hauhitaji kusimikiwa mti.

Uharibifu wenyewe unavutia. Katika maharage mengi mafupi ya ukoo wa Andes, kipande cha DNA chenye urefu wa jozi za besi (herufi za DNA) 4,100 hivi kimejipachika ndani ya jeni hiyo na kuikatiza. Kipande cha aina hii huitwa retrotransposoni: kinanakiliwa kuwa RNA, nakala ya muda ya DNA, kisha RNA inageuzwa tena kuwa DNA, na nakala hiyo inajichomeka mahali pengine kwenye jenomu, yaani DNA yote ya mmea. Zipo mbegu nyingine fupi ambazo jeni hiihii iliharibika kwa namna tofauti. Maana yake ni kwamba ufupi ulitokea zaidi ya mara moja, na kila ulipotokea wakulima waliuona, wakautunza. Kwangu huo ni ushahidi wa jicho kali la wakulima wa kale, na unastahili kufundishwa darasani pamoja na jina la Mendel, mtawa aliyegundua kanuni za urithi.

Tuite jeni nzima F na iliyoharibika f. Kila mmea una nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Nakala moja nzima inatosha kuendesha kazi, kwa hiyo FF na Ff yote miwili inatambaa. Mmea mfupi ni ff peke yake.

Kuchagua wazazi

Mama awe mfupi, baba awe anayetambaa. Usigeuze. Ukikosea kuchavusha na ua la mama likajichavusha lenyewe, mtoto atakuwa mfupi na utamjua mara moja. Mtoto akitambaa, hakuna mahali alipoitoa F isipokuwa kwa baba. Ukianza na mama anayetambaa, watoto wote watatambaa, wa kweli na wa bahati mbaya, na hutakuwa na njia ya kuwatenganisha kwa macho.

Kwa mama, Lyamungu 90 inafaa: mbegu kubwa zenye mabaka, mmea wa kichaka. Selian 97, nyekundu iliyokoza, nayo inafaa. Majina haya yanatokana na vituo vya utafiti vya hukuhuku kwetu, Lyamungo upande wa Moshi na Selian upande wa Arusha. Kwa baba, tafuta maharage ya kutambaa yenye mbegu kubwa kwa wakulima wa miinuko ya Meru au Kilimanjaro. Usitegemee jina pekee, kwa kuwa sokoni mbegu huchanganyika. Otesha michache ya kila upande na uitazame ncha ya shina wakati wa maua. Mmea unaoishia kwa ua ndio mama. Ambao ncha yake bado inatoa majani na kuzunguka mti ndio baba.

Nimesema mbegu kubwa kwa wote wawili, na nina sababu. Haragwe lilifugwa mara mbili, kwenye milima ya Andes huko Amerika Kusini na Amerika ya Kati. Koo hizi mbili zilitengana muda mrefu. Kwa jumla, mbegu za Andes ni kubwa, 100 zikizidi gramu 40, na za Amerika ya Kati ni ndogo, mara nyingi chini ya gramu 25 kwa mbegu 100. Ukiwachanganya, wakati mwingine mtoto anazaliwa dhaifu: majani ya manjano yaliyokunjamana, mizizi haikui, anakufa kabla ya kuchanua. Hiyo si kazi ya mdudu wala ya mbolea. Kuna jeni mbili, DL1 kutoka upande mmoja na DL2 kutoka upande mwingine. Kila moja ikiwa kwao haina madhara, zikikutana katika mmea mmoja zinaudhoofisha. Anayeanza asijitwike tatizo hilo. Pima mbegu 100 za kila mzazi kwenye mizani ya duka la rejareja, andika uzito, kisha ndiyo uamue.

Jambo la mwisho kuhusu wazazi ni afya. Virusi vya batobato la maharage husafiri ndani ya mbegu. Mama mwenye majani yenye mabaka ya kijani kilichopauka na kijani kibichi, yaliyokunjika kuelekea chini, atawaambukiza watoto wake hata ukichavusha vizuri kiasi gani. Mng'oe mapema.

Vifaa na kupanda

Huhitaji vingi. Kibanio chenye ncha kali, hata kile cha kutindia nyusi kutoka duka la vipodozi ilimradi ncha zikutane sawasawa. Lenzi ya kukuzia ya mkono. Spiriti ya hospitali na pamba. Uzi wa sufu wa rangi mbili au tatu. Selotepu nyembamba. Vibao vidogo vilivyokatwa kwenye ndoo chakavu ya plastiki, vikiandikwa kwa penseli, kwani wino wa kalamu hufutika kwa jua na mvua. Na kaunta buku.

Panda kwenye ndoo za lita 10 zilizotobolewa chini, au viroba, udongo wa shambani sehemu tatu na samadi iliyoiva sehemu moja. Weka mbegu tatu, baadaye bakiza mimea miwili. Nzi wa maharage hutaga kwenye miche michanga na funza wake hutoboa shina karibu na ardhi. Ukiona shina limevimba na kupasuka, pandishia udongo ili mche utoe mizizi mipya juu ya jeraha.

Tatizo la kweli ni kulinganisha tarehe. Mmea mfupi unachanua siku 35 hadi 40 tangu kupandwa. Unaotambaa huchelewa, wakati mwingine kwa wiki mbili au zaidi, hasa kwenye baridi ya miinuko. Kwa hiyo anza na baba. Wiki mbili baadaye panda mama, kisha ongeza ndoo ya mama kila wiki kwa wiki tatu. Hapo hutakosa siku ambazo wote wana maua.

Hali ya hewa nayo ina kauli. Arusha mjini, Tengeru na Usa River ni pazuri karibu mwaka mzima, ila Juni na Julai baridi inachelewesha kila kitu. Moshi mjini ni kazi nyingine, kwani joto la Januari hadi Machi hupita nyuzi 30 na maua ya maharage hupukutika kwa joto hilo. Ukiwa Moshi, fanya kazi hii wakati wa ubaridi wa katikati ya mwaka au ipeleke kwa ndugu wa Kibosho, Machame au Marangu. Wakati wa masika, ndoo zikae chini ya paa lakini penye mwanga wa kutosha, maana chavua ikilowa haifai.

Kuchavusha

Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Kwanza lijue ua. Petali kubwa ya juu inaitwa bendera. Chini yake kuna mbili za pembeni, mabawa. Katikati ya mabawa kuna petali mbili zilizoungana na kujisokota kuwa kifuko, na ndani ya kifuko hicho zimo stameni 10, viungo dume vyenye chavua (tisa zimeshikana chini, moja iko peke yake), pamoja na mtindo, yaani kijiti kinachoibeba stigma, ncha inayopokea chavua. Vyote vimebanana humo, ndiyo maana haragwe hujichavusha lenyewe karibu kila mara.

Vifuko vya chavua hupasuka usiku wa kuamkia siku ambayo ua linafunguka. Ukiliona ua limefunguka asubuhi, limeshajichavusha. Kwa upande wa mama, basi, ua lililofunguka halina maana tena. Unalitaka tumba litakalofunguka kesho: limenenepa, petali zimeanza kutokeza nje ya sepali, vile vijani vya kijani vinavyolishika tumba chini, na kuonyesha rangi, lakini bendera bado imefunga kabisa. Stigma ya tumba la umri huo tayari inapokea chavua. Kwa upande wa baba ni kinyume chake, unataka ua lililofunguka leo asubuhi, lenye chavua mbichi.

Fanya kazi kati ya mapambazuko na saa nne asubuhi. Osha mikono, futa kibanio kwa spiriti, subiri kikauke.

Kwenye kikonyo utakachotumia, toa maua yaliyokwisha kufunguka na vitumba vidogo, bakiza matumba mawili yaliyo tayari. Mmea wa maharage hudondosha maua mengi kuliko unayolea, na ua lililojichavusha kiasili lina nguvu kuliko ulilolijeruhi wewe. Likiachwa jirani, la kwako ndilo litakaloanguka.

Lishike tumba kati ya kidole gumba na cha shahada bila kulibana. Tafuta mshono ambapo kingo za bendera zinakutana. Ingiza ncha ya kibanio hapo, fungua bendera kulia na kushoto, ishikilie nyuma kwa kidole. Yavute mabawa kwa upole yashuke. Sasa kifuko kilichojisokota kiko wazi. Kichane polepole kufuata mshono wake, kuanzia kwenye mpindo, ukiivua petali yake vipande vipande. Ukikivuta kwa mkupuo mmoja utang'oa na mtindo, na ua hilo limekwisha.

Utaziona stameni zikiuzunguka mtindo. Zing'oe zote 10, mbili mbili, ukizishika kwenye nyuzi zake na si kwenye vifuko vya chavua. Hesabu. Kisha chukua lenzi, tazama stigma, ile ncha iliyopinda yenye vinyweleo upande mmoja. Ukiona unga wa manjano hata kidogo, litupe tumba hilo, futa kibanio, hamia lingine. Kulihurumia tumba lililochafuka ndiko kunakoharibu kazi za wengi.

Sasa mlete baba. Lichume ua lake lililofunguka, ng'oa bendera, kisha bonyeza mabawa kwenda chini. Mtindo utachomoza wenyewe kutoka kwenye kifuko ukiwa umepakaa chavua yake pande zote. Ukate kwa kibanio, uitumie ncha hiyo kama brashi: iguse stigma ya mama mara kadhaa, halafu inasishe ndoano ya baba kwenye ndoano ya mama na uiache hapo hapo. Chavua inabaki imegusana na stigma hata upepo ukipita.

Rudisha bendera ya mama mahali pake ifunike kila kitu, na uizungushie kipande chembamba cha selotepu ili ndani pasikauke. Funga uzi wa sufu kwenye kikonyo, ning'iniza kibao: mama × baba, tarehe, namba ya ua. Kwa desturi mama huandikwa kwanza. Andika vilevile kwenye daftari kabla hujagusa ua la pili.

Fanya maua mengi. Mengi yataanguka, na mkono hutulia kadiri unavyoendelea. Baada ya siku tatu au nne, ua lililoshika litaonyesha kiganda kidogo cha kijani kikisukuma kutoka ndani. Lisiloshika litakuwa limenyauka.

Ganda la mbegu si la mtoto

Acha maganda yakaukie kwenye mmea hadi yawe ya manjano, kama wiki nne hadi sita tangu kuchavusha. Ganda la kuchavushwa kwa mkono huwa na mbegu chache, mara nyingine moja au mbili tu.

Utakapolipasua, utaona mbegu zinazofanana kabisa na za mama. Wengi hukata tamaa hapa na kuzimwaga jikoni. Usizimwage. Ngozi ya nje ya mbegu, ile yenye rangi na mabaka, imefumwa na mwili wa mama kabla na baada ya utungisho. Baba hana mchango humo. Mtoto ni kiini na zile nusu mbili nene zilizo ndani ya ngozi. Mchanganyiko umo humo, umefunikwa kwa vazi la mama.

Kwa hiyo rangi ya mbegu inachelewa kizazi kizima. Ukipanda mbegu hizi za kizazi cha kwanza, mimea yake ndiyo itakayofuma ngozi yenye uamuzi wa wazazi wote wawili, na mbegu zote za mmea mmoja zitakuwa na ngozi ya namna moja, ingawa viini ndani yake tayari vinatofautiana. Utofauti wa rangi utauona kwenye mavuno ya kizazi cha pili, mmea huu rangi hii, mmea ule rangi ile.

Usishangae pia ukipata rangi ambayo haipo kwa mama wala kwa baba. Rangi ya haragwe inasimamiwa na jeni nyingi, na mojawapo, P, inaamua kama patakuwa na rangi yoyote. Haragwe jeupe lina P iliyoharibika, nyuma yake kukiwa na jeni za mabaka na mistari ambazo hazina pa kujionyesha. Zikipata P nzima kutoka kwa mwenzi, zinajitokeza. Mendel mwenyewe, katika andiko lake la 1866, alieleza kuwa rangi katika machotara yake ya maharage haikufuata hesabu nyepesi aliyoiona kwenye njegere. Ndiyo sababu tunafuata ncha ya shina na siyo rangi.

Kizazi cha kwanza

Panda kila mbegu ya chotara kwenye ndoo yake, na kibao chake. Weka miti. Panda na mama wawili au watatu pembeni kwa kulinganisha.

Wakati wa maua, tazama ncha. Inayoendelea kutambaa ni chotara wa kweli, Ff. Inayoishia kwa ua ni mtoto wa mama peke yake; mwondoe na urudi kwenye daftari kuona alitoka ua namba ngapi. Chotara wa kweli waache wajichavushe. Usiwaguse. Kusanya mbegu za kila mmea kwenye bahasha yake. Unahitaji mbegu kama 100 kwa jumla, na mimea miwili au mitatu iliyotunzwa vizuri itakupa.

Kizazi cha pili: kuhesabu

Kipande cha meta za mraba 10 kinatosha. Nafasi sentimeta 50 kwa 20, mbegu moja kwa shimo. Mbegu mbili kwa shimo, tunavyozoea shambani, hapa zitakuvuruga, kwa sababu inayotambaa itaimeza fupi na utahesabu moja badala ya mbili. Kwa sababu hiyohiyo usipunguze miche dhaifu kabla ya kuhesabu. Unayoing'oa kwa macho huenda yote ni ya upande mmoja. Miche iliyokufa iandike kuwa imekufa, usiigawie upande wowote.

Hesabu wakati wa maua, ncha kwa ncha. Kila chotara Ff anatoa F nusu ya chavua zake na f nusu nyingine, na ovuli zake (mayai ya ua) vivyo hivyo. Zikikutana bila kuchaguana unapata FF robo, Ff nusu, ff robo. Kwa macho: inayotambaa mitatu kwa mfupi mmoja.

Hutapata tatu kwa moja kamili, na ukipata kamili kila mara nitakuwa na wasiwasi na daftari lako. Swali ni kama tofauti uliyoipata ni ya kawaida ya bahati. Tumia kipimo cha kai-mraba. Chukua mfano wa mimea 80 iliyofika maua. Matarajio ni 60 inayotambaa na 20 mifupi. Tuseme umehesabu 54 na 26. Tofauti ni 6 kila upande. Sita mara sita ni 36. 36 gawa kwa 60 ni 0.6, 36 gawa kwa 20 ni 1.8. Jumla 2.4. Kwa makundi mawili, kikomo kinachotumika ni 3.84. Chini ya hapo, hesabu yako haipingani na tatu kwa moja.

Lau ungepata 48 na 32, tofauti ni 12, na jumla ingekuwa 2.4 na 7.2, yaani 9.6. Hiyo imepita kikomo kwa mbali. Kabla ya kudai umegundua jeni mpya, angalia mambo matatu: je, kulikuwa na mmea wa kizazi cha kwanza usio chotara uliochanganya mbegu zake humo? Je, miche mingi ilikufa? Je, mifupi mingine ni inayotambaa iliyokatwa ncha na mbuzi au panzi?

Nani kabeba f iliyojificha?

Katika mimea inayotambaa, theluthi moja ni FF na theluthi mbili ni Ff, na kwa macho haitofautiani hata kidogo. Njia ya shambani ni kuwauliza watoto wao. Vuna kila mmea peke yake, kisha panda angalau mbegu 11 za kila mmoja kwenye mstari wake. Kama mzazi ni Ff, kila mtoto ana nafasi robo ya kuwa mfupi, na uwezekano wa watoto 11 wote kutambaa kwa bahati ni 0.75 ikizidishwa yenyewe mara 11, karibu 0.04. Yaani mzazi Ff mwenye watoto 11 atajifichua kwa mfupi angalau mmoja kwa uhakika wa zaidi ya asilimia 95, na mstari usio na mfupi hata mmoja yaelekea mzazi wake ni FF. Ukitaka asilimia 99, panda 17.

Njia ya maabara inakuokolea msimu mzima. Chukua jani changa la mche wa siku 10, duara mbili tatu za ukubwa wa kifungo cha shati, tia kwenye mfuko mdogo wenye chembe za silika zinazonyonya unyevu, andika namba kwa penseli. Maabarani jani linasagwa, linachemshwa kidogo kwenye nyuzi 65 ndani ya mchanganyiko wenye CTAB, aina ya sabuni ya maabara, na chumvi ili utando wa seli uvunjike na sukari nzito za mmea zitengane na DNA. Klorofomu inatoa protini, isopropanoli inaishusha DNA, alkoholi ya asilimia 70 inaiosha.

Kisha PCR, njia ya kunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi. Mashine inapandisha joto hadi nyuzi 94 DNA iachane, inashusha karibu 55 vianzishi, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, vishike mahali pake, inapandisha 72 kimeng'enya kinakili. Mizunguko 30 inaweza kugeuza nakala moja kuwa karibu bilioni. Kwa jeni yetu unatumia vianzishi vitatu: viwili nje, upande huu na huu wa pale retrotransposoni ilipojichomeka, na kimoja ndani yake. Nakala nzima inatoa kipande kifupi kati ya vianzishi vya nje. Nakala iliyoharibika ina zaidi ya jozi 4,000 katikati, muda wa kunakili hautoshi, kwa hiyo inanakilika kutoka kianzishi cha ndani tu na kutoa kipande cha urefu mwingine. Kwenye jeli inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, FF ina mstari mmoja, ff mstari mwingine, Ff yote miwili. Kabla ya kupima watoto, pima wazazi: kama ufupi wa mama umetokana na uharibifu wa aina nyingine, vianzishi hivi havitakutenganishia FF na Ff.

Arusha tumejaliwa kuwa karibu na wenye ujuzi. Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, TARI Selian, kituo cha utafiti wa kilimo, iko jirani na mji, na hifadhi ya taifa ya nasaba za mimea iko Ngaramtoni. Nenda na daftari lako na mbegu zako zenye namba, uliza kwa adabu. Mtafiti atakayeona kumbukumbu safi za vizazi viwili atakusikiliza tofauti na mtu aliyekuja na wazo tu.

Ukitaka kuendelea

Kila mmea ukijichavusha, sehemu ya jeni zilizo mchanganyiko inapungua kwa nusu: asilimia 50 kizazi cha pili, 25 cha tatu, 12.5 cha nne, hadi karibu 3 kizazi cha sita. Kwa kumwagilia unaweza kupata vizazi vitatu kwa mwaka. Ukimtaka mmea wenye sifa mbili zinazojificha kwa pamoja, nafasi ni 1 kwa 16, panda angalau 47 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata mmoja.

Mstari utakaotulia ni wako kuupanda, kuula na kuufundishia. Kuuza kama mbegu ni jambo lingine, linapitia kwa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, na majaribio yake, na usimuuzie jirani kwa jina la Lyamungu wala Selian, kwa sababu siyo tena.

Kausha mbegu kivulini hadi ziwe ngumu kwa jino, zitie kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, kisha zikae wiki moja kwenye friza kuua fukusi waliokwisha ingia. Ndani ya chupa weka karatasi ya penseli yenye namba kamili ya ukoo: mama, baba, namba ya ua, namba ya mmea wa kizazi cha kwanza, namba ya mmea wa kizazi cha pili. Juu ya mfuniko andika namba ileile tena.